Mbona Hatujafika? Tafakuri juu ya Mvutano wa Jua na Sayari

Neno mvutano halina sifa njema katika Kiswahili cha magazeti. Msomaji anapolikuta katika ukurasa wa kwanza hutarajia habari za vyama visivyoelewana, za walimu na mwajiri wao, au za ndugu wanaogombea shamba la marehemu baba yao. Aghalabu mvutano ni jambo la kusuluhishwa: wazee huitwa, kikao huketi, na pande mbili zikishapatana mvutano nao huwa umekwisha. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anayefungua kitabu na kusoma kwamba sayari hulizunguka Jua kutokana na nguvu ya mvutano huwa tayari ana picha akilini mwake. Huona pande mbili zimeshika kamba, kila upande ukivuta kwake, na kwa kuwa hakuna anayemshinda mwenziwe, kamba inasimama palepale. Picha hiyo ina ukweli mkubwa ndani yake. Ina pia kosa moja, na kosa hilo ndilo lililomtia mwalimu mmoja mwanagenzi katika aibu ambayo hakuisahau.

Mwalimu huyo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu, akisomea Kiswahili na Jiografia, na muhula wa pili wa mwaka 2007 alipelekwa mazoezi ya ualimu katika shule moja ya sekondari kaskazini ya mji wa Malindi. Kidato cha kwanza alichokabidhiwa kilikuwa kimeachwa nyuma na silabasi, kwa hivyo ikambidi aanze na mada iliyostahili kuwa imekwisha zamani, yaani Dunia na mfumo wa Jua. Kitabu alichokitegemea kilikuwa bado kinahesabu sayari tisa, ilhali Pluto ilikuwa imevuliwa cheo hicho Agosti 2006, naye alijivunia kuwasahihishia wanafunzi jambo hilo. Akachora duara ubaoni, akaweka Jua katikati, kisha akaandika kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha iliyofundishiwa somo hilo, kwamba Jua huzivuta sayari zote. Ndipo msichana mmoja wa safu ya nyuma alipoinua mkono.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili, "kama Jua latuvuta siku zote hizo, mbona hatujafika?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu naye alicheka kidogo. Kisha, badala ya kujibu, akamkumbusha msichana kwamba katika kipindi cha Jiografia maswali huulizwa kwa Kiingereza. Msichana alisimama kitambo, midomo yake ikitafuta maneno, halafu akaketi. Mwalimu akaendelea na somo. Alisema kwamba ipo nguvu ya pili inayoisukuma sayari nje, na kwamba nguvu hizo mbili husawazishana, ndiyo maana Dunia inakaa mahali pake. Aliyasema maneno hayo kama alivyoyapokea kwa mwalimu wake mwenyewe miaka kadhaa kabla. Wanafunzi wakanakili. Msichana hakunakili.

Lililomkosesha mwalimu raha jioni ile halikuwa suala la lugha. Hilo lilikuja baadaye. Lililotangulia ni shaka kuhusu jibu lake. Alikumbuka kanuni aliyoikariri shuleni kwamba kitu kinachosukumwa na nguvu mbili zilizolingana, kila moja ikielekea upande wake, huwa kama kisichosukumwa kabisa. Kama kilikuwa kimetulia, kitaendelea kutulia. Kama kilikuwa mwendoni, kitaendelea mbele kwa mstari ulionyooka na kwa kasi ileile. Isaac Newton aliiweka kanuni hiyo ya kwanza katika kitabu chake cha mwaka 1687, na tangu hapo haijapata mpinzani wa maana katika mambo ya kila siku. Basi maadamu Dunia haiendi kwa mstari ulionyooka, bali hugeuka kidogo kila sekunde hata mwaka ukaisha imerudi ilikoanzia, haiwezekani nguvu juu yake ziwe zimesawazishwa. Usawa ungeiacha iende zake. Fauka ya hayo, ni nani anayeisukuma nje? Jua huvuta. Huko nje hakuna mwingine mwenye ukubwa wa kushindana nalo.

Yamkini kombeo ndilo lililowapotosha wengi. Mtoto anayelinda shamba la mpunga dhidi ya ndege hutia jiwe katika kombeo, akalizungusha juu ya kichwa, na mkono wake ukahisi jiwe likijivuta nje. Kutokana na hisia hiyo watu huamini kwamba jiwe lina nguvu yake ya kukimbilia nje. Lakini na atazamwe mtoto huyo anapoiachia ncha ya kamba. Jiwe haliruki moja kwa moja kutoka kichwani pake kana kwamba limepigwa teke na mtu aliyesimama katikati ya duara. Huondoka kwa upande, kwa mstari ulionyooka, kule ulikokuwa umeelekea mwendo wake katika nukta ile kamba ilipolegea. Hii ina maana kwamba jiwe lilikuwa likitaka kwenda mbele tu, nayo kamba ndiyo iliyolikunja kuelekea ndani kila wakati. Mkono uliouhisi mvuto ule haukudanganywa, kwani wakati mkono ulipokuwa ukilivuta jiwe, jiwe nalo lilikuwa likiuvuta mkono. Hata hivyo, juu ya jiwe lenyewe palikuwa na mvuto mmoja, nao ulielekea ndani.

Haki itendeke hapa kwa walimu wa zamani. Wahandisi wanaohesabu mambo ya magurudumu na mashine zizungukazo huizungumzia nguvu hiyo ya kwenda nje, na hesabu zao hutoka sawa, kwa kuwa wao wamejiweka ndani ya kitu kinachozunguka na kukitazama kana kwamba kimetulia. Abiria wa matatu inayokata kona kwa kasi husema amesukumwa mlangoni, na hakuna wa kumlaumu kwa usemi huo. Lakini mtu aliyesimama kando ya barabara ameona jambo jingine: abiria alikuwa akiendelea mbele kwa unyoofu, na matatu ndiyo iliyogeuka. Swali la msichana lilikuwa la mtu wa kando ya barabara. Alipewa jibu la abiria.

Mwalimu alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya mzee aliyekuwa mvuvi tangu ujana wake. Jioni walizoea kuketi barazani, na baada ya shikamoo na marahaba mzee ndiye aliyechagua mazungumzo. Siku hiyo, kwa nia ya kusahau habari za darasani, mwalimu alimwuliza juu ya majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini mkabala wa Ngomeni. Waitaliano waliyajenga wakati wa miaka ya 1960, na kuanzia 1967 hadi 1988 walirushia hapo setilaiti. Iliyopata sifa kuliko zote ni ile ya Marekani iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa kazi moja tu ya kuichunguza miali ya eksirei kutoka angani.

Mzee alikuwa ameshuhudia roketi zikiruka.

"Watu hudhani zilikwenda juu," alisema. "Ni kweli zilianza kwenda juu. Halafu zikalala, mwalimu. Zikashika mashariki, zikafuata bahari mpaka jicho likashindwa. Mara ya kwanza mie nilidhani imeharibika, yaenda kuanguka."

Mwalimu aliyarudia maneno hayo chumbani mwake hadi usiku wa manane, kwa maana mzee hakuwa amekosea. Roketi ilikuwa ikienda kuanguka, na huko kuanguka ndiko ilikokusudiwa.

Ingekuwa kinachotakiwa ni kufika juu tu, roketi isingelala. Lakini juu si mahali pa kuponea mvutano. Katika kimo cha kilomita 500, yaani karibu na kimo ilichozungukia setilaiti ya Uhuru, Dunia huvuta kwa asilimia 86 ya nguvu inayotuvutia huku chini. Kitu kitakachopandishwa hadi huko na kuachiliwa kikiwa kimetulia kitarudi chini kama nazi. Wanaanga wanaoonekana wakielea ndani ya vituo vyao hawajafika mahali pasipo na mvutano, na ni jambo la kusikitisha kwamba vitabu vingi vya watoto bado huwaambia hivyo. Huelea kwa sababu wao na chombo chao na vijiko vyao vinaanguka pamoja, kwa mwendo mmoja, na hakuna kilichobaki nyuma cha kuwaonyesha kwamba wanaanguka.

Newton alilieleza jambo hili kwa mfano ambao ulichapishwa mwaka 1728, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Aliwaza mzinga uliowekwa kileleni mwa mlima mrefu mno, uliopita hewa yote. Risasi ikipigwa kwa mlalo na kwa nguvu kidogo, itaanguka karibu na mlima. Ikiongezwa nguvu, itaanguka mbali zaidi. Sasa Dunia ni mviringo, na uso wake hupinda kwa kiasi cha mita 5 hivi katika kila kilomita 8. Vilevile kitu kinachoachiliwa karibu na uso wa Dunia huanguka karibu mita 5 katika sekunde yake ya kwanza. Kwa hiyo risasi itakayokwenda mbele karibu kilomita 8 kwa sekunde itaanguka mita 5, na itakapotazama chini itaikuta ardhi nayo imejikunja mita 5. Itakuwa imeanguka bila ya kukaribia. Sekunde ya pili yatakuwa yaleyale, na ya tatu, hata izunguke Dunia nzima na kumrudia mpiga mzinga kutoka nyuma.

Ndiyo sababu roketi za Ngomeni zililala. Zilikuwa zikitafuta mwendo wa kwenda kando. Na zililala kuelekea mashariki kwa kuwa Dunia yenyewe hujizungusha kuelekea huko, na katika mstari wa Ikweta huwa tayari imekibeba kila kilicho juu yake kwa mwendo wa mita 465 hivi kwa sekunde. Pwani ile iko nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta. Roketi iliyoondokea hapo ilikuwa kama mtu anayedaka gari lililokwisha kuondoka huku naye akikimbia.

Kutoka setilaiti hadi Mwezi hakuna kanuni mpya, isipokuwa umbali. Mwezi uko mbali na kitovu cha Dunia kwa kadiri ya mara 60 ya umbali wa uso wa Dunia kutoka kitovu hicho, na kwa kuwa mvutano hupungua kwa mraba wa umbali, nguvu inayoufikia ni sehemu moja ya 3,600. Badala ya mita 5, Mwezi huanguka kuelekea kwetu kwa milimita 1.4 hivi kila sekunde, huku ukienda mbele kilomita moja. Newton alipolinganisha anguko la vitu vya duniani na anguko la Mwezi alikuta hesabu zinakubaliana, na pale ukuta uliotenga mambo ya mbinguni na mambo ya ardhini, uliokuwa umesimama tangu zama za Wayunani, ukabomoka. Hadithi ya tofaa lililomwangukia kichwani ni ya kunogesha tu. La ajabu si kwamba aliona tunda likianguka, bali kwamba aliutazama Mwezi usiokwisha kuwa juu, akasema nao unaanguka.

Na Dunia je? Hapa ndipo lilipokuwa jibu la msichana. Dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua na husafiri karibu kilomita 30 kwa sekunde. Katika sekunde hiyo moja, inapokwenda umbali wa kutoka Malindi hadi karibu na Ngomeni, huwa imeanguka kuelekea kwenye Jua kwa milimita 3. Hizo milimita 3 hazizidi unene wa kamba ya kiatu, nazo ndizo zinazoukunja mwendo wetu wote na kuufanya mwaka. Zikiondolewa, tutakwenda moja kwa moja gizani tusirudi. Na mwendo wa mbele ukiondolewa, milimita zikabaki peke yake, zitazidi na kuzidi, na baada ya takribani siku 65 tutakuwa tumefika kule msichana alikouliza mbona hatujafika. Hatujafika kwa sababu tunapita kando. Tunaanguka kila siku na kila siku tunalikosa Jua.

Mwendo huo wa mbele haukutoka kwa msukumaji yeyote wa leo. Wingu la gesi na vumbi lililozaa Jua na sayari zake, yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita, lilikuwa tayari linazunguka, na kilichozaliwa kikarithi mzunguko wa mzazi. Anga baina ya sayari ni tupu mno, hamna cha kuupunguza. Tofauti yake inaonekana wazi katika setilaiti zilizo karibu: Uhuru ilikuwa ikiguswa na hewa hafifu ya kingo za juu za angahewa, kila mzunguko ukiipokonya mwendo kidogo, hata ikaingia hewani na kuteketea mwaka 1979.

Mtu asije akadhani kwamba mzingo wa sayari ni duara kamili kama lile la ubaoni. Johannes Kepler, akitumia vipimo vya sayari Mirihi vilivyoachwa na Tycho Brahe, alitangaza mwaka 1609 kwamba njia za sayari ni duaradufu. Dunia hulikaribia Jua mapema Januari, ikawa umbali wa kilomita milioni 147, na hulitenga mapema Julai, kilomita milioni 152. Inapokaribia huongeza mwendo, inapojitenga hupunguza, kama jiwe lirushwalo juu linavyochoka likipanda na kuchangamka likishuka. Wakazi wa pwani, ambao Julai yao ni kipupwe, wanaweza kudhani kwamba wamegundua sababu ya baridi. Wazo hilo linavutia, lakini Ulaya Julai ni kiangazi kikali, nao wako kwenye Dunia hiihii. Majira hutokana na kuinama kwa mhimili wa Dunia. Umbali una sehemu ndogo sana. Sayari zilizo karibu na Jua huanguka kwa nguvu zaidi, kwa hiyo hulazimika kwenda mbio zaidi ili kulikosa: Zebaki hukimbia kilomita 47 kwa sekunde na mwaka wake ni siku 88, ilhali Neptuni, huko mbali, hujikokota kilomita 5 na ushei kwa sekunde, na mzunguko wake mmoja huchukua miaka 165.

Sasa na turejee kwenye neno tuliloanza nalo, maana si haki kulilaumu na kuliacha. Kiingereza kililitoa neno lake katika Kilatini, katika neno lenye maana ya uzito. Uzito ni sifa ya kitu kimoja. Gunia lina uzito wake hata likiwa peke yake ghalani. Kiswahili kilikwenda njia nyingine. Kilikichukua kitenzi vuta, na kabla ya kukifanya nomino kikakipachika kiambishi -an- cha kauli ya kutendana. Vuta, vutana, mvutano. Kipo pia mvuto, ambacho ni cha upande mmoja. Mtu mwenye sura ya mvuto huwavuta wengine bila yeye kuvutwa. Mvutano hauwezi kuwa wa mmoja. Kiambishi hicho kidogo, ambacho wanafunzi hukichanganua katika mitihani bila ya kukifikiria, kimebeba kanuni ya tatu ya Newton: Jua haliivuti Dunia pasipo Dunia nayo kulivuta Jua, na kwa nguvu ileile, wala si pungufu hata kidogo. Tofauti iko katika tungamo. Jua lina tungamo la Dunia mara 333,000, kwa hiyo nguvu iliyo sawa huitikisa Dunia sana na Jua kidogo mno.

Kidogo mno si kusema hakuna. Sayari Mshtarii, ambayo tungamo lake ni mara 318 la Dunia, huliyumbisha Jua kwa mwendo wa zaidi ya mita 12 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mkimbiaji bingwa wa mita 100 anapofikia kasi yake ya mwisho. Mshtarii hailizungukii Jua kwa usahihi wa maneno. Vyote viwili huzunguka nukta moja iliyo baina yao, na nukta hiyo iko nje kidogo ya uso wa Jua. Mvutano wa kindugu wa namna hii ndio uliowawezesha Michel Mayor na Didier Queloz mwaka 1995 kugundua sayari ya kwanza inayozunguka nyota mfano wa Jua letu. Sayari yenyewe hawakuiona. Waliona nyota ikiyumba kila baada ya siku 4 na kitu, wakajua kwamba yuko anayeivuta. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019. Neptuni nayo ilipatikana mwaka 1846 baada ya hesabu za Urbain Le Verrier kuonyesha kwamba Uranus inavutwa na kitu kisichojulikana.

Na setilaiti ya Ngomeni ina fungu lake katika habari hizi. Uhuru iliona miali ya eksirei ikichezacheza upesi mno katika mahali paitwapo Cygnus X-1. Wanajimu walipoelekeza darubini huko, walikuta nyota kubwa ikizunguka kila baada ya siku 5.6, ikiwa imefungamana na mwenzi asiyeonekana. Mwenzi huyo, kwa makadirio yaliyotolewa mwaka 2021, ana tungamo la Jua mara 21 hivi na hatoi nuru yoyote ya kwake. Ni shimo jeusi. Hakuna aliyejua lipo ila kwa sababu lilivuta na likavutwa. Kama neno mvuto lingetosha, pengine yule mmoja anayeonekana angedhaniwa anazunguka utupu.

Albert Einstein mwaka 1915 aliibadilisha hadithi nzima, akasema kwamba tunachokiita mvutano ni kupindika kwa mahali na wakati kando ya vitu vyenye tungamo, na kwa nadharia hiyo akaeleza kiyumbo kidogo cha mzingo wa Zebaki ambacho hesabu za Newton zilishindwa nacho. Ni habari ndefu. Inatosha kusema kwamba hata kwake yeye kuanguka hakukuondolewa. Kulikuwa ndiyo hali ya asili ya kila kitu kilichoachwa bila kushikwa.

Majuma mawili yalipita kabla ya mwalimu kulirudia swali. Alikuwa na kisingizio kizuri, kwani yeye huyohuyo ndiye aliyefundisha darasa lile Kiswahili, na mada ya juma ilikuwa mnyambuliko wa vitenzi. Aliandika ubaoni penda na pendana, saidia na saidiana. Kisha akaandika vuta na vutana, akaigeukia safu ya nyuma.

"Swali liliulizwa hapa kwa Kiswahili," alisema, "likajibiwa vibaya kwa Kiingereza. Mwenye kosa ni mimi. Leo nitalijibu kwa lugha lililoulizwa nayo."

Aliwatoa nje. Wavulana wawili, mmoja mwenye maungo na mwingine mwembamba, walishikana mikono wakazunguka mchangani, na kila mtu akaona kwamba yule mwenye maungo naye alikuwa akichora kiduara chake kidogo kwa visigino. Akarusha jiwe karibu, akarusha mbali, akawaambia wawaze mkono wenye nguvu za kulirusha mpaka ardhi ijikunje mbele yake. Aliwaambia yale ya mzee na roketi zilizolala. Wengi wao walikuwa wameyaona majukwaa yale tangu utotoni, wala hawakuwa wamepata kuambiwa kwamba kilichorushwa pale kilikuwa kikianguka. Akawapa ile tarakimu ya milimita 3, na ule umri wa miaka bilioni 4.6.

Msichana hakusema kitu hadi waliporudi darasani. Alipoinua mkono safari hii hakuna aliyecheka.

"Mwalimu, Mwezi waiangukia Dunia. Dunia yaliangukia Jua. Jua nalo laangukia wapi?"

Mwalimu hakuwa ameandaa hilo katika maandalio yake, ila alilijua. Alimweleza kwamba Jua, pamoja na sayari zake zote, linaangukia kitovu cha galaksi yetu na kukikosa, kwa mwendo unaozidi kilomita 200 kwa sekunde, na kwamba mzunguko mmoja huchukua yapata miaka milioni 230.

Msichana aliiandika tarakimu hiyo daftarini. Alizihesabu sifuri zake kwa ncha ya kalamu, akaandika tarakimu nyingine juu yake, akagawanya. Kengele ya mapumziko ilikwisha kupigwa na wenzake walikuwa wakisukumana mlangoni alipoinua kichwa.

"Basi tumeshazunguka kama mara 20," alisema.

"Takribani," mwalimu akamjibu.